Mkalimani Tuliyempelekea Mioyo Yetu

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa ghalani napima magunia ya mchele: yule mzee aliyekuwa mkalimani wa baraza amefariki lopitali, baada ya kuugua kifua siku nne. Aliyeniletea ni mama mmoja muuza mkaa. Alisema kwa haraka, kisha akabaki mlangoni akinitazama, kana kwamba mimi ndiye ningemwambia la kufanya. Nilirudia kupima gunia ambalo nilikuwa nimekwisha kulipima. Wasomaji wangu mmezoea kunisikia hapa nikilalamika juu ya matope ya njia ya sokoni, na juu ya vijana wanaofunga tai kabla ya kujua kuandika barua. Leo mnivumilie, maana wa kulalamikiwa yuko karibu zaidi, naye ni mimi mwenyewe. Marehemu sitamtaja kwa jina. Watu wa Kindu wamekwisha kumjua, na walio mbali jina lake halitawaongezea kitu.

Niseme kwanza kwamba kwa miaka mingi sikumpenda. Mkalimani katika mji kama huu ni mtu wa kuogopwa. Mzungu wa baraza anasema Kifaransa, mshtakiwa anasema Kirega au Kikusu au Kiswahili chetu, na katikati amesimama mtu mmoja ambaye maneno yote lazima yapite kinywani mwake. Akitaka, anayalainisha, akitaka, anayatia pilipili. Wa namna hiyo tumewajua, na kuku waliokuwa wakiingia nyumbani kwao siku moja kabla ya kesi tumewaona. Mimi, karani niliyejiona nimesoma, niliwaita wote midomo ya kukodi, na huyu nikamtia humo humo bila kumchunguza. Kitu kimoja tu cha kwake kilinishangaza, siku nilipokwenda barazani kwa kesi ya jirani. Wakalimani wengine husema, “Anasema kwamba alimpiga.” Yeye hakusema hivyo. Alisimama wima, mikono nyuma, akamwambia Mzungu, “Mimi nilimpiga.” Mwanamke alipolia kwamba amefukuzwa, mzee huyu mwenye mvi kidevuni akasema bila kupepesa macho, “Mimi nimefukuzwa, na mtoto wangu bado ananyonya.” Watu wa nyuma walicheka. Yeye hakucheka. Nilidhani ni maringo, nikaenda zangu.

Sasa mdogo wangu. Huyu ni wa tumbo moja nami, na alikwenda vita vya Abisinia akiwa kijana wa kupiga ngoma na kuwatania wazee. Alirudi na viatu vizuri, medali moja, na kimya. Mwanzoni tulifurahi, tukasema amekuwa mtu mzima. Akaoa binti wa Kibombo, mwanamke mwenye akili na mikono ya kazi. Lakini huyo mtu mzima wetu akiitwa kwa nyuma alikuwa anaruka, na akipewa maji ya kunywa aliweza kukitazama kikombe mpaka sisi wengine tumalize kula. Mke wake akaanza kukonda. Mke wangu akanidokeza, nami nikasema yatapita, mpeni muda. Mtu akirudi na mguu mmoja tunambeba na kumtafutia mkongojo. Akirudi na miguu yote miwili tunamwambia amshukuru Mungu, kisha tunamwomba atusimulie habari za ndege na mizinga. Mimi nilimwuliza juu ya viatu vyake.

Ilikuwa Jumatano, saa nne ya asubuhi, sokoni. Lori lilikuwa likishusha mabati, na wapakuzi wakaliachia rundo zima likaanguka juu ya mawe. Mlio wake niliusikia hata mimi kule ghalani. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya mama mmoja muuza sombe, yale majani ya muhogo. Waliokuwapo wanasema alimkamata mama yule shingoni na kiunoni, akamrusha ndani ya mtaro, akamlalia, akamziba mdomo kwa kiganja. Mama akapigana naye. Akatoka mle na damu kifuani, meno mawili hayapo. Watu walimvuta mdogo wangu kwa miguu, wakampiga kwa chochote kilichokuwa karibu, mpaka polisi wawili wakaja wakamtia kasho, yaani mahabusu. Walipomwuliza kwa nini, aliitazama mikono yake.

Mtawala wa wakati ule hakuwa mkali kupita wenzake, ila alikuwa na mji wa kulinda na ripoti ya kuandika. Aliniita Alhamisi asubuhi. Alinisemesha kwa Kiswahili, maana Wazungu wetu wanakijua zaidi ya tunavyofikiri. “Karani, ndugu yako iko wazimu. Kazi moja, nyuma ya bendera, nitakata neno. Kama hakuna muntu ya kusimama kwa ajili yake, anapanda bato ya kesho yake, anaenda kule wanafungia wenye wazimu.” Kazi moja ndiyo Jumatatu yetu, na nyuma ya bendera ni baada ya bendera kupandishwa. Watu wawili wa mji huu walikuwa wamepandishwa bato hiyo, meli ya mto, kabla yake, na hatukupata kusikia kama walipona wala kama walikufa. Kwa kuwa mimi ni karani na nina sahihi inayojulikana, aliniachia mdogo wangu kwa sharti: akitoroka, au akimgusa mtu yeyote, ninaingia kasho mimi, naye anapanda bato siku hiyo hiyo. Polisi mmoja angemfuata kila aendako. Nilitia sahihi. 

Basi nilikuwa na siku nne. Lopitalini muuguzi mzee, mtu mwema kabisa, alimpima joto, akamgonga magoti, akasikiliza mgongo wake. “Mwili iko muzuri,” akaniambia pembeni. “Ile ingine, karani, mi sina dawa yake.” Akanipa vidonge vya usingizi, kwa haya. Ijumaa baada ya sala mwalimu wetu alimwandikia kombe, aya za Kurani za kuoshwa na kunywa. Mdogo wangu akalinywa kwa adabu, akashukuru, akarudi kutazama ukuta. Shangazi yetu alitaka apelekwe Punia kwa fundi wa kutoa mizimu, lakini njia ya Punia inajulikana, na hata kama ingekuwa nzuri sahihi yangu ilikuwa mezani kwa mtawala. Rafiki yangu wa misheni akasema padri anajua sana kusikiliza. Nikamwambia mdogo wangu hajabatizwa. Akasema hakuna shida, ataanza na katekisimu, ni miaka miwili tu. Nilimfukuza nyumbani kwangu, na mpaka leo hatujapatana vizuri. Kila niliyemwendea alikuwa na mlango wake, na kila mlango ulikuwa wa haki kwa wanaouingia. Wa mdogo wangu haukuwapo. Katikati ya lopitali na kasho mji wetu haukujenga kitu.

Aliyenionyesha njia ni shemeji yangu, huyo mke wa mdogo wangu, ambaye tangu Jumatano alikuwa amehamia kwa mke wangu na sanduku lake. Alinikuta uani Ijumaa mchana. “Yaya,” akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, “iko muzee mumoja kule tribinali, ule mukalimani. Wanawake wenye kugombana na bwana zao wanaenda kwake mbele ya kesi. Wengine hawarudi tena tribinali.”

“Ule mdomo wa kukodi?”

“Weye unajua mudomo yake. Siye tunajua masikio yake.”

“Na atakufanyia nini?”

“Mi sijui. Mi nataka bwana yangu. Kama hapatikani, niambie leo, nifunge vitu nirudi kwetu Kibombo.” Hakulia aliposema hivyo, na ndiyo sababu niliamini kwamba angekwenda.

Nilimkuta mzee kwake akitengeneza mguu wa kiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza, kisha akatikisa kichwa. “Kesi ya ndugu yako inakuja mbele ya Bwana, na mimi njo mwenye kuitafsiri. Nikimusikiliza leo, kesho watasema nimepika maneno. Nina miaka makumi mbili kwa kazi ile, sijaongeza hata neno moja.” Nikamsihi. Mimi, niliyekuwa nimemtukana kwa rafiki zangu wote, nilimsihi mpaka sauti ikakauka. Aliendelea kugonga kiti chake, halafu akaniuliza, “Weye mukubwa yake. Ulimuuliza mara ngapi?”

“Kumwuliza nini?”

“Kule vita aliona nini.”

Nilikumbuka vile viatu. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, na huo mtazamo ulinichoma zaidi ya hasira. “Mulete siku ya posho, nyuma ya chakula,” akasema. “Na muke yake. Weye utakaa na utanyamaza.”

Siku ya posho, yaani Jumamosi, tulifika watu watatu, na wa nne polisi, ambaye alisimama nje ya ua akijifanya anatazama kuku. Mzee aliweka viti viwili vikitazamana, cha tatu akakivuta pembeni, nyuma kidogo, akakaa hapo. Mimi nilipewa kinu kilichogeuzwa. Akawaambia: “Kule tribinali mimi nasema maneno ya kila muntu. Nikisema ya mwizi, dakika ile mi njo mwizi. Nikisema ya mama, mi njo mama. Leo ni zamu yenu. Mama, weye utasema maneno ya bwana yako. Bwana, weye utasema ya muke yako. Hakuna kusema ‘yeye’. Mutasema ‘mimi’.” Ndipo nilipofahamu kwamba yale ya barazani hayakuwa maringo. Ilikuwa njia yake ya kufanya kazi, naye alikuwa ameichukua kutoka kwa Mzungu na kuileta uani kwake kimya kimya, bila kumwomba mtu ruhusa.

Shemeji alianza. “Mimi nilienda vita,” akasema akimtazama mume wake. “Nilirudi. Nikaoa. Nikirudi kazi nakaa kwa mulango. Nina...” Akanyamaza. “Muzee, mi sijui. Hakuniambia kitu.” Mzee akamrudisha polepole: “Usiseme ‘hakuniambia’. Weye njo yeye.” Shemeji akakaza macho, akatafuta, akatafuta. “Basi mi sina kitu,” akasema mwishowe. “Nimetafuta kwa kichwa yake yote, hakuna mahali alinifungulia.” Mdogo wangu aliinua uso. Wakati ule ule sufuria ikaanguka kwa jirani. Nilimwona akiruka kutoka kitini, mikono mbele, na nikamwona polisi akishika rungu lake na kusukuma fito za ua. Nikawaza sahihi yangu. Naona haya kuandika kwamba nilianza na sahihi. Mzee hakusimama. Hakupandisha hata sauti. “Ni sufuria,” akasema. “Iko mama jirani, anapika sombe. Kaa. Ni zamu yako.” Mdogo wangu alibaki amesimama, jasho likimtoka, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama safari ya Punia. Kisha akakaa. Polisi akaachia fito.

“Mimi ni muke yake,” mdogo wangu akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukosa kutumika. “Nalala karibu na mulango. Nimepeleka visu yote kwa jirani, nikikata sombe naenda kukatia kule. Nazani hajui.” Shemeji akafunika uso kwa kitenge. Alikuwa amevihamisha kimoja kimoja kwa miezi mitatu, akiamini hajaonekana. “Hakuniuliza visu iko wapi,” mdogo wangu akaendelea, bado kwa maneno ya mke wake. “Kama angeniuliza, ningemuambia namuogopa. Lakini nampenda. Njo shida yangu.” Hapo akalia, kwa kelele, mdomo wazi. Sijawahi kumwona mtu mzima akilia vile, na nikataka kuinuka nimshike. Mzee aliniangalia mara moja tu, nikakaa.

Baada ya hapo hakuhitaji kuambiwa. Alisema ya kwake mwenyewe. Kule milimani, siku moja ya jua, mwenzake kutoka upande wa Kama alipigwa risasi akaanguka njiani, hatua chache mbele yao. Mkubwa wao akaamuru wote walale chini, asitoke mtu. Mwenzake alikuwa akimwita kwa jina lake na kuomba maji. Chupa ya maji ya mdogo wangu ilikuwa imejaa kiunoni. Alilala pale akimsikia mpaka sauti ikaisha. “Nilingoja amri,” akasema. “Amri haikuja. Siku ya mabati, mi nilisikia ile kitu, na ule mama alikuwa karibu. Nikasema, mara hii singoji. Mi sikumupiga. Mi nilikuwa namuficha.” Mzee aliinamisha kichwa, akakaa hivyo. Hakumpa shauri lolote, hakusema atapona. Aliuliza tu jina la yule mwenzake, na mdogo wangu akalitaja, na shemeji yangu akalirudia kwa sauti ndogo, kama mtu anayemkaribisha mgeni.

Jumatatu tulisimama mbele ya meza ya mtawala. Mama wa sombe alikuwapo, amejifunika mdomo kwa kitambaa, na hasira yake ilionekana machoni. Mtawala akauliza kwa Kifaransa kwa nini mshtakiwa alimshambulia mwanamke huyu. Mkalimani akatafsiri. Mdogo wangu hakujibu. Mtawala akauliza tena. Mdogo wangu alikuwa ameyagandisha macho kwenye dirisha. Yale maneno ya Jumamosi yalikuwa yamerudi ndani na kufunga mlango. Nilimkanyaga mguu kidogo. Hakuna kitu. Mtawala akashika kalamu. Karatasi ilikuwa tayari mbele yake, imeandikwa kwa mashini, imebakia sahihi tu, na Kifaransa changu kilitosha kusoma kichwa chake hata ikiwa juu chini. Ilikuwa ya safari ya bato.

Ndipo nikaisikia sauti ya mzee. Alikuwa wima, mikono nyuma, kama siku zote. “Mimi,” akasema kwa Kifaransa, “nilikuwa na maji.” Akaeleza yote, jua, njia, chupa, yule wa Kama, amri ambayo haikuja. Akaeleza mabati. Hakuongeza machozi, hakupunguza meno ya mama. Mtawala alimwacha mpaka hapo, kisha akapiga meza kwa kiganja na kugeukia Kiswahili, nadhani ili sote tusikie.

“Simama! Huyu muntu hakufungua mudomo. Nani anasema?”

“Yeye, Bwana.”

“Alisema saa ngapi?”

“Alisema siku ya posho, Bwana. Mimi njo nimechelewa kutafsiri.”

“Nani alikupa ruhusa?”

“Hakuna, Bwana.”

Mkalimani kusema bila kusemeshwa ni kosa ambalo sisi wote pale tulilijua uzito wake. Neno la mtu huyo halina thamani tena barazani, na yeye alilijua kuliko sisi. Mama wa sombe akainuka. “Bwana, acha nimuulize mimi,” akasema, na bila kungoja akamgeukia mdogo wangu, akashusha kitambaa ili auone mdomo wake ulivyo. “Weye mutoto ya watu. Siku ile ulikuwa unanificha?”

Macho ya mdogo wangu yaliondoka dirishani. “Ndiyo, mama,” akasema. “Unisamehe.”

“Ulinivunja.”

“Ndiyo, mama.”

Akamtazama sana, kisha akarudisha kitambaa. “Mi ningali na kasirani,” akamwambia mtawala. “Lakini huyu hapana muwazimu.” Mtawala aliandika muda mrefu. Kalamu ilikuwa inakwaruza, na mimi nilihesabu pumzi zangu. Mwishowe akaikunja ile karatasi ya safari, akaitia mtotoni mwa meza, hakuichana. Mdogo wangu angebaki Kindu mwaka mmoja akitazamwa, na kila siku ya posho angekwenda kwa mkalimani, ambaye angejibu kwa uhuru wake mwenyewe kama kijana angegusa mtu tena. Wiki mbili baadaye mzee akaondolewa barazani. Walimpeleka kuandika namba za baiskeli. Hakunilaumu, na nilipojaribu kumwomba radhi alinikatiza akisema baiskeli hazidanganyi.

Mdogo wangu hakupona kama mtu anavyopona malaria. Mpaka leo hapiti karibu na mafundi wa mabati, na iko siku shemeji anakuja kukaa kwangu mchana mzima bila kusema sababu. Lakini analima mpunga ng’ambo ya mto, visu viko jikoni kwao, na mtoto wao wa pili amepewa jina la yule wa Kama. Na ua wa mzee ulijaa. Walikuja waume wa kambi za migodi walioacha wake zao mbali na kusahau namna ya kukaa nao. Walikuja wajane, walikuja wake wenza waliokuwa hawasalimiani, alikuja hata yule polisi. Kijijini mambo haya yalikuwa na wenyewe, wajomba na mashangazi walioweza kukaa siku tatu juu ya neno moja. Mji umetuchukua kutoka kwao, umetupa nyumba za mstari mmoja, kengele ya kazi na majirani ambao hatujui lugha zao, na haujatuambia tukamwone nani moyo ukivunjika. Haya nayaandika kwa upole, maana mhariri wangu ana mkasi nami nina watoto. Wengi wa waliokwenda kwa mzee niliwapeleka mimi. Nilijivuna. Nilikuwa nikisema “mzee wangu”, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Mwaka jana, siku moja ya mvua, alikuja ghalani. Hakuwa na desturi ya kuja. Alikaa juu ya magunia, nikampa chai, akakishika kikombe bila kunywa. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na shehena ya kupakia. Akasema, “Karani, mimi kuna neno nilitafsiri zamani, mbele ya vita. Nilisema kwa mudomo yangu mwenyewe, kwa watu wa kwetu...” Na mimi, mwenye ulimi mwepesi, ninayesifiwa na nyinyi kwa utani wangu, nikamkatiza nikicheka: “Mzee, na leo unasema maneno ya nani?” Akanitazama. Kisha akacheka naye, cheko la adabu, akaniuliza hali ya watoto, akamaliza chai, akaondoka na mvua ile ile. Niliona mgongo wake ukipita dirishani. Nilirudi kwenye shehena yangu.

Matangani mjane wake aliniita pembeni. “Karani, weye njo rafiki yake,” akasema. “Mwaka ile ilipita alikaa wiki tatu hakulala. Nikimuuliza, anasema ni ya watu. Alikuambia ilikuwa nini?” Alikuwa ameyashika mikono yangu yote miwili, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeamini kwamba jibu liko. Nilimwambia sijui. Hilo ndilo neno lote nililokuwa nalo la kumpa mke wa mtu aliyemwokoa ndugu yangu. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, alisikia, naye akauliza lile ambalo mimi niliwahi kuulizwa: “Yaya, ulimuuliza mara ngapi?” Hakuna aliyemfundisha.

Basi, ndugu msomaji, kama nyumbani mwako yuko aliyerudi mzima wa mwili na kimya, usingoje mabati yaanguke. Mtafutie mtu wa kukaa naye, na usichague kwa cheo wala kwa mavazi, maana mimi nilikaribia kumpoteza ndugu yangu kwa kuchagua hivyo. Na kama umempata mtu huyo, kama unampelekea mizigo yako naye anaipokea wiki baada ya wiki, iko siku atakuja mwenyewe, bila hodi, wakati una kazi nyingi. Weka kalamu chini. Acha shehena ingoje. Akianza kusema, funga mdomo wako mpaka amalize. Mimi wangu sikuufunga.